Ihoji Kwanza, Igawanye Baadaye

Namba tutakayoifanyia kazi ni 123,456,789. Nimeichagua kwa sababu huwezi kuikosea unapoinakili, na kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Inaonekana kama hesabu ya mtoto wa chekechea iliyoandikwa bila nafasi katikati. Ukiuliza ina vigawo vingapi, au kama inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili, wengi wananyamaza.

Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu. Vile vikokotoo vidogo vya tarakimu nane vitakukwamisha mapema, maana namba yenyewe ina tarakimu tisa na baadhi ya mazao yake yatafika kumi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi utaifanya kwa kalamu, na nakushauri usiguse simu mpaka nikuambie.

Kumbuka jambo moja kabla ya kuanza. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa, ama inavunjika kuwa zao la namba tasa, na zao hilo ni moja tu kwa kila namba, ukiacha mpangilio. Ukishalipata, maswali mengine mengi kuhusu namba hiyo yanajibika kwa mistari miwili mitatu. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kulipata.

Maswali ya bure

Kosa la wengi ni kushika kikokotoo na kuanza kugawanya kwa 2, kwa 3, kwa 4, bila mpango. Anza na maswali yasiyokugharimu chochote.

Tazama tarakimu ya mwisho. Ni 9, kwa hiyo namba si shufwa na haigawanyiki kwa 5. Mbili na tano zimeondoka, na vigawe vyake vyote pia: usihangaike na 4, 6, 10 wala 15.

Sasa jumlisha tarakimu zote: 1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6 + 7 + 8 + 9 = 45. Kwa kuwa 45 inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Sababu yake ni nyepesi. Ukigawanya 10 kwa 9 inabaki 1. Ukigawanya 100 inabaki 1. Hata 1,000,000 inabaki 1. Kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipokaa, inachangia baki ileile, thamani yake yenyewe. Nafasi haina maana tena, jumla ndiyo inayohesabika.

Hapo kuna zawadi ya pembeni. Ikiwa nafasi haina maana, basi hata ukizichanganya tarakimu hizo tisa utakavyo, namba utakayoipata itagawanyika kwa 9. Michanganyiko hiyo ni 362,880. Mtu akikuuliza ni mingapi kati yake ambayo ni namba tasa, usianze kuhesabu: hakuna hata mmoja. Namba za mraba zipo, na ni 30. Ndogo kuliko zote ni 139,854,276, ambayo ni 11,826 mara yenyewe. Kubwa kuliko zote ni 923,187,456, ambayo ni 30,384 mara yenyewe.

Je, inagawanyika kwa 27? Hapa jumla ya tarakimu haisaidii. Ikate namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu, uyajumlishe: 123 + 456 + 789 = 1,368. Rudia: 1 + 368 = 369. Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu 1,000 ikigawanywa kwa 999 inabaki 1, na 999 ni 27 × 37. Basi 369 inakupa jibu la 27 na la 37 kwa mkupuo. Kwa 27 inabaki 18. Kwa 37 inabaki 36. Zote mbili hazimo.

Kuna dada wa mbinu hiyo ambaye binafsi nampenda zaidi. Badala ya kujumlisha mafungu, toa na ujumlishe kwa zamu ukianzia kulia: 789 − 456 + 123 = 456. Hapa tunategemea 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Ile 456 ndiyo inayobeba habari za namba tasa tatu zinazosumbua watu. Igawanye kwa 7, inabaki 1. Kwa 11, inabaki 5. Kwa 13, inabaki 1. Namba yetu haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu, na umelijua hilo bila kugawanya kitu chenye tarakimu zaidi ya tatu. Ukijifunza kitu kimoja tu katika mwongozo huu, kiwe hiki.

Mlinzi anayelala na mlinzi aliye macho

Kabla ya kuendelea, tumia baki hizo kulinda hesabu zako, maana huko mbele tutazidisha sana.

Zidisha 123,456,789 kwa 2 upate 246,913,578. Tazama tarakimu za jibu: ni zilezile tisa, kila moja mara moja, zimebadilishana nafasi tu. Zidisha kwa 4: 493,827,156. Kwa 5: 617,283,945. Kwa 7: 864,197,523. Kwa 8: 987,654,312. Kila mara zinarudi zote tisa. Ukizidisha kwa 3 mchezo unavunjika, unapata 370,370,367. Kwa 6 unapata 740,740,734. Tatu na sita ndizo zenye kigawo cha pamoja na 9, na mwisho wa mwongozo utaona kwa nini 9 ina mamlaka makubwa hivi juu ya namba hii.

Sasa tuseme ulipozidisha kwa 7 mkono uliteleza ukaandika 864,197,532, yaani 2 na 3 za mwisho zimepishana. Utajuaje? Njia ya kale ni ya tisa, ambayo wanahisabati walioandika kwa Kiarabu waliitumia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: jumla ya tarakimu za jibu lazima iache baki inayolingana na ile ya namba zilizozidishwa. Ijaribu hapa. Jumla ya jibu lenye kosa ni 45, sawa na ya jibu sahihi. Mlinzi wa tisa amelala, kwa kuwa kwake nafasi haina maana.

Mwite mlinzi wa 11. Kutoka kulia, jumlisha na utoe tarakimu kwa zamu. Jibu sahihi linatoa 3 − 2 + 5 − 7 + 9 − 1 + 4 − 6 + 8 = 13, yaani baki 2. Ndivyo inavyotakiwa: namba yetu ilikuwa na baki 5, mara 7 ni 35, na 35 kwa 11 inabaki 2. Jibu lenye kosa linatoa 11, yaani baki 0. Amekamatwa.

Wanaotunza vitabu vya fedha wanaujua upande wa pili wa udhaifu huu na wameugeuza kuwa silaha. Hesabu za siku zikikataa kulingana na tofauti ikawa inagawanyika kwa 9, kitu cha kwanza wanachokitafuta ni tarakimu zilizopishana. Aliyeandika 58,400 badala ya 54,800 atakuta tofauti ya 3,600, ambayo ni 9 × 400. Haithibitishi kosa, lakini inakuonyesha pa kuanza kutafuta.

Kuivunja

Rudi kazini. Tunajua 9 imo na 27 haimo. Gawanya: 123,456,789 ÷ 9 = 13,717,421. Hii ndiyo namba iliyobaki kuvunjwa, na 3 haimo tena ndani yake.

Sheria ya kawaida inasema: jaribu namba tasa moja baada ya nyingine mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba unayoivunja. Ukivuka hapo bila kupata kitu, namba ni tasa, kwa sababu vigawo huja viwili viwili na kimoja cha kila jozi hakizidi kipeuo. Kipeuo cha 13,717,421 ni kama 3,703.7. Ziko namba tasa zaidi ya mia tano chini ya hapo. Kwa simu inawezekana, kwa kalamu ni adhabu. Na nikudokeze: ukifuata njia hiyo utajaribu zaidi ya mia tano kabla ya kugonga kitu.

Jaribu chache za mwanzo, tuseme mpaka 30 au 50, kwa sababu ni rahisi na namba nyingi huanguka hapo. Hii haianguki. Sasa badilisha mbinu.

Mbinu nitakayokupa ni ya Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1665 na aliyefanya hisabati kwa kupenda tu. Wazo lake ni hili. Namba witiri ikiwa ni zao la vigawo viwili, vigawo hivyo vyote ni witiri, kwa hiyo wastani wake ni namba nzima. Uite wastani huo a, na nusu ya tofauti yao uiite b. Kigawo kidogo ni a − b, kikubwa ni a + b, na zao lake ni mraba wa a ukitoa mraba wa b. Basi badala ya kutafuta kigawo, tafuta mraba ambao ukiutolea namba yako, kinachobaki nacho ni mraba.

Anzia kwenye kipeuo na kupanda. Ili kupata kipeuo bila simu: 3,700 mara yenyewe ni 13,690,000. Zimepungua 27,421. Gawanya hizo kwa 7,400, ambayo ni mara mbili ya 3,700, upate kama 3.7. Kipeuo ni 3,703 na ushei, hivyo jaribio la kwanza ni 3,704.

3,704 mara yenyewe ni 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je, 2,195 ni mraba? Usikokotoe kipeuo, tazama mkia. Mraba ukiishia na 5 lazima uishie na 25, na hii inaishia na 95. Hapana.

Jaribio la pili ni 3,705. Huna haja ya kuzidisha upya: kutoka mraba wa a kwenda mraba unaofuata unaongeza 2a + 1. Mara mbili ya 3,704 jumlisha 1 ni 7,409. Ongeza kwenye 2,195 upate 9,604.

Na 9,604 ni 98 × 98.

Basi imekwisha. Vigawo ni 3,705 − 98 na 3,705 + 98, yaani 3,607 na 3,803. Majaribio mawili yamefanya kazi ya zaidi ya mia tano.

Ungeweza kufanya hata kwa jaribio moja. Mraba wowote ukigawanywa kwa 4 unaacha 0 au 1. Unaacha 0 ukiwa wa shufwa na 1 ukiwa wa witiri. Namba yetu 13,717,421 inaishia na 21, kwa hiyo kwa 4 inabaki 1. Ili tofauti ya miraba miwili iache 1, lazima a iwe witiri na b iwe shufwa. Kwa hiyo 3,704 haikuwa na nafasi tangu mwanzo. Namba inayoacha 3 kwa 4 inataka kinyume chake, a iwe shufwa. Kila mara fanya swali hili la 4 kabla ya kuanza, utapunguza kazi kwa nusu.

Fermat mwenyewe, katika miaka ya 1640, alionyesha mbinu yake kwa 2,027,651,281, akapata 44,021 × 46,061. Kipeuo cha namba hiyo ni 45,029 na ushei, na wastani wa vigawo ni 45,041, kwa hiyo ukianzia 45,030 unafika kwa hatua 12. Mtu mwenye kalamu ya manyoya anaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Hatujamaliza upande wetu, maana 3,607 na 3,803 huenda nazo zikavunjika. Hapa hakuna ujanja, ni kugawanya tu, lakini kazi ni ndogo. Kipeuo cha 3,607 ni 60 na kidogo, hivyo namba tasa za kujaribu zinaishia 59, na jumla yake ni 17. Kwa 3,803 zinaishia 61, moja zaidi. Nyingi unazifanya kichwani: 3,607 iko 3 juu ya 17 × 212, iko 8 juu ya 59 × 61, iko 1 chini ya 41 × 88. Zifanye zote, usiniamini mimi. Utakuta zote zinaacha baki, na kwamba:

123,456,789 = 3 × 3 × 3,607 × 3,803

Mavuno

Sasa maswali yanajibika yenyewe. Vigawo vingapi? Kila kigawo kinajengwa kwa kuchagua 3 ngapi utie (sifuri, moja, au mbili, ni njia tatu), utie 3,607 au uiache (njia mbili), utie 3,803 au uiache (njia mbili). Tatu mara mbili mara mbili ni 12. Ukitaka kuviandika: 1, 3, 9, 3,607, 3,803, 10,821, 11,409, 32,463, 34,227, 13,717,421, 41,152,263 na namba yenyewe. Angalia pengo lililopo kati ya 34,227 na milioni 13. Namba ya ukubwa huu yenye vigawo 12 tu ni bahili.

Jumla ya vigawo hivyo hupatikana bila kujumlisha orodha: (1 + 3 + 9) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803), yaani 13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816. Ukiondoa namba yenyewe inabaki 54,966,027, chini ya nusu yake. Wagiriki wa kale waliziita namba za aina hii pungufu, kwa kuwa vigawo vyake vidogo vikikusanywa havifikii namba iliyovizaa. Linganisha na 28, ambayo 1, 2, 4, 7 na 14 zinaifikia barabara.

Swali la tatu ni la watu wa usimbaji: kutoka 1 hadi 123,456,789, ni namba ngapi zisizo na kigawo cha pamoja na yetu isipokuwa 1? Zidisha 6 × 3,606 × 3,802 upate 82,260,072. Ile 6 imetoka kwenye 9 iliyopunguziwa theluthi. Nyingine mbili ni namba tasa zilizopunguziwa moja moja. Kumbuka kwamba bila kujua 3,607 na 3,803 usingeipata kwa urahisi huu. Tutairudia.

Halafu miraba. Je, kuna namba mbili nzima ambazo miraba yake ikijumlishwa inatoa 123,456,789? Ukiuliza 4, jibu linakudanganya. Namba inaacha 1, kama 5 (ambayo ni 1 + 4) na 13 (ambayo ni 4 + 9), hivyo inaonekana inafaa. Lakini kanuni kamili inaangalia vigawo tasa: kila kigawo tasa kinachoacha 3 kikigawanywa kwa 4 lazima kitokee mara shufwa. Tatu imetokea mara mbili, sawa. Ila 3,607 inaacha 3 na imetokea mara moja. 3,803 vilevile. Jibu ni hapana, na hakuna haja ya kujaribu hata jozi moja.

Kwa miraba mitatu mlango uko wazi, kwa sababu kinachozuia ni namba kuacha 7 ikigawanywa kwa 8 (au kuwa namba ya aina hiyo iliyozidishwa kwa 4 mara kadhaa), nayo yetu inaacha 5. Kujua kwamba inawezekana hakukupi jibu, lakini hapa jibu liko karibu. Mraba mkubwa kuliko yote usiozidi namba yetu ni wa 11,111, yaani 123,454,321. Inabaki 2,468. Hiyo ni 4 × 617, na 617 ni 361 + 256, yaani mraba wa 19 jumlisha mraba wa 16. Zidisha pande zote kwa 4, nawe unapata:

123,456,789 = mraba wa 11,111 + mraba wa 38 + mraba wa 32

Kwa nini kipeuo kiwe karibu hivyo na 11,111? Si bahati. Zidisha 123,456,789 kwa 9 upate 1,111,111,101. Zidisha tena kwa 9: 9,999,999,909. Kumbe namba yetu ni bilioni kumi kasoro 91, ikagawanywa kwa 81. Bilioni kumi ni mraba wa laki moja na 81 ni mraba wa 9, kwa hiyo kipeuo cha namba yetu lazima kikae jirani kabisa na laki moja gawanya kwa 9, ambayo ni 11,111.11. Hapo ndipo 9 inapotawala kila kitu: jumla ya tarakimu, kipeuo, na hata 3 na 6 zilizovunja mchezo wa kuzidisha.

Kile kisichoelezeka kwa 81 ni kwamba 3,607 na 3,803 zimekaa karibu hivyo. Sijui njia ya kulitabiri hilo kwa kuitazama 123,456,789. Huo ni ukarimu wa namba yenyewe.

Ukaribu unapokuwa hatari

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, walibuni usimbaji unaoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Unachagua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, unatangaza zao na kuzificha zenyewe. Anayetaka kuvunja siri anahitaji lile jibu la namba zisizo na kigawo cha pamoja, na umeona kwamba hulipati kirahisi bila kuvunja zao. Funguo za kawaida siku hizi zina biti 2,048, yaani tarakimu 617. Namba kubwa kuliko zote iliyovunjwa hadharani mwaka 2020 kutoka orodha ya majaribio ya RSA ilikuwa na tarakimu 250, na ilihitaji nguvu ya kompyuta nyingi.

Lakini urefu peke yake haukingi. Mwaka 2022 mtafiti wa Ujerumani, Hanno Böck, alionyesha kwamba funguo za baadhi ya mashine za kuchapa zinavunjika kwa mbinu ileile ya Fermat uliyoitumia hapa. Programu iliyozitengeneza ilichagua namba tasa mbili zilizokaribiana mno. Ukubwa ulikuwa kamili, tarakimu mia kadhaa, na bado ukianzia kwenye kipeuo na kupanda hatua chache unafika. Ukiwa unafanya kazi ya kompyuta na unatengeneza funguo, usiandike programu yako mwenyewe ya kuchagua namba tasa. Tumia iliyokwisha kukaguliwa.

Zamu yako

Ichukue 987,654,321. Kwanza ihoji pamoja na ile ya mwanzo: 123,456,789 × 8 ni 987,654,312, kwa hiyo tofauti ni 9 tu. Kigawo chochote cha pamoja cha namba hizi mbili lazima kiigawanye tofauti hiyo, na 9 inazigawanya zote. Kigawo Kikubwa cha Shirika ni 9, umekipata kwa mstari mmoja. Ukiigawanya kubwa kwa ndogo kwenye simu utaona 8.00000007 na kidogo.

Ondoa 9 upate 109,739,369. Ukiwa umevutiwa na Fermat utataka kuanza na kipeuo hapohapo. Usifanye hivyo. Jaribu kwanza namba tasa ndogo na utakuta 17 inaingia: 6,455,257. Inaingia tena: 379,721. Kama ungeanza na Fermat, vigawo viwili vilivyokaribiana kuliko vingine vyote ni 289 na 379,721, wastani wake 190,005, wakati kipeuo ni 10,475 na ushei. Hata ukiruka zote za shufwa, hayo ni majaribio 89,765. Ndiyo maana utaratibu ni ule: maswali ya bure, namba tasa ndogo, halafu Fermat kwa kilichobaki.

Inabaki 379,721. Kipeuo chake kiko kati ya 616 na 617, kwa hiyo namba tasa za kujaribu zinaishia 613, nazo ni 112. Saba za kwanza unazimaliza sasa hivi: tarakimu ya mwisho inaondoa 2 na 5, jumla ya 29 inaondoa 3, na 721 − 379 = 342 inaondoa 7, 11 na 13 kwa pamoja. Kwa 17 inabaki 9. Zimesalia 105, na nakuambia mapema kwamba hakuna itakayoingia. Anza na 19. Inaacha baki 6.